Punda Ambaye Sikumwandika

Vijana wangu mnaotoka vyuo vya mifugo mwaka huu, pamoja na nyie ambao mmeshapangiwa vituo na mnalalamika kwamba mmetupwa mbali, sogeeni kidogo. Mimi nimestaafu. Nakaa Kihesa, hapa Iringa mjini, nina kuku kumi na wawili na jogoo mmoja mkorofi, na maneno ninayo mengi kuliko watu wa kuyasikiliza. Nimefanya kazi ya mifugo miaka thelathini na ushee, mingi yake kule Usangu, kwenye vijiji vya pembeni mwa Rujewa, ambako ng'ombe wakiwa barabarani barabara ni ya kwao na wewe unasubiri. Watu waliniita Mama Mifugo mpaka jina langu la ubatizo likapotea. Hata zahanati waliandika hivyo kwenye kadi yangu, na sikuwasahihisha.

Mnapenda kutuuliza sisi wazee habari za mafanikio. Yangu yako kwenye barua ya kustaafu, mistari minne, mtu akitaka nitamwonyesha. Leo nataka kuwaambia habari za punda mmoja aliyenifundisha kazi wakati nimebakiza miaka michache tu niondoke. Kuna sehemu za aibu humo. Nitazisema tu, kwa umri huu sina wa kumficha.

Nianze na tulivyokuwa tunahesabu mifugo. Unafika kwenye boma asubuhi kabla ng'ombe hawajatoka kwenda malishoni, unasalimia, unapewa kigoda, unafungua daftari. "Ng'ombe?" Unatajiwa, tena kwa kupunguziwa, maana hakuna mfugaji anayetaja ng'ombe wake wote mbele ya mtu mwenye kalamu. "Mbuzi?" Unatajiwa. Kondoo, mbwa, kuku, hivyo hivyo. Mwisho kabisa wa ukurasa kuna safu ya punda. Hapo mimi sikuwa nauliza. Nilikuwa nachora kistari na kufunga daftari. Wafugaji wenyewe, Wasukuma waliohamia Usangu na ng'ombe wao kutoka kaskazini, hawakuwa wanamtaja. Punda kwao alikuwa chombo cha kazi, yuko kundi moja na jembe na baiskeli. Na mimi niliona hivyo hivyo, tena mwenye cheti ukutani.

Mmoja wa wafugaji wangu wa siku nyingi alikuwa Mzee Jilala. Alikuwa mgane, mrefu, mwembamba, mcheshi kupita kiasi, na shamba lake la mpunga lilikuwa ng'ambo ya mfereji mkubwa. Msimu mmoja wa mavuno alianguka kutoka juu ya lundo la magunia akavunjika nyonga. Mwanawe Masanja, ambaye ana duka la vifaa vya ujenzi Mbeya, akaja na gari akamchukua. Mzee akalazwa, akapona kidogo, kisha akakaa kwa mwanawe miezi mingi.

Mzee wa Kisukuma akiugua, mifugo yake haiachwi iteseke. Ndugu na majirani walikutana kesho yake, na kabla jua halijapanda kila ng'ombe alikuwa amepata mtu wa kumlisha. Huyu alichukua wanne, yule sita, mbuzi wakaenda kwa shemeji yake, kuku wakaenda kwa Mama Kulwa, jirani wa karibu. Ni utaratibu mzuri sana, nimewahi kuusifu mkutanoni mpaka nikapigiwa makofi. Ila wakati wa kugawana mifugo, punda hakuna aliyemtaja, maana kwao hakuwa kwenye orodha hiyo. Akabaki amefungwa kamba mguuni nyuma ya nyumba, pale maji ya kisima yanapomwagikia na ardhi haikauki mwaka mzima.

Kila mtu alidhani mwenzake anamtunza. Mama Kulwa alikuwa anamrushia majani akienda kuteka maji, akiamini anamwongezea tu juu ya chakula alichopewa na shemeji. Shemeji alikuwa akipita anaona majani mawili matatu chini, anasema moyoni kwamba Mama Kulwa yuko makini. Na mimi, hapa nisikilizeni vizuri, nilifika pale siku ya chanjo ya homa ya mapafu, maana ng'ombe wa jirani walikusanywa kwenye boma lile. Niliegesha pikipiki hatua chache kutoka kwa yule punda, nikanawa mikono kisimani, nikaondoka. Mkiniuliza leo alikuwa amesimamaje siku ile, siwezi kuwaambia. Sikumwona, na daftarini nilichora kistari changu.

Mzee Jilala alirudi mwezi wa kwanza, mvua zikiwa zimekolea. Masanja alitaka baba yake abaki Mbeya moja kwa moja, kwenye chumba chenye televisheni na godoro zuri. Mzee akasusa chakula siku mbili. Ndipo wakaafikiana: arudi, lakini mpaka mavuno tu. Mpunga ukiiva, Masanja atakuja. Akimkuta baba yake anaweza kufika shambani kwake bila kubebwa na mtu, atamwacha akae. Akimkuta hawezi, nyumba inafungwa na mzee anahamia Mbeya. Mzee alikuwa anatembea kwa magongo mawili, hatua ishirini kisha anatafuta pa kukaa, na shamba lilikuwa mbali. Tegemeo lake lote lilikuwa mkokoteni wake wa kukokotwa na punda.

Siku aliyorudi alinipigia simu. Aliniita mayu, ndiyo mama kwa Kisukuma.

"Mayu, njoo. Nina mgonjwa."

"Ng'ombe gani, baba?"

"Wewe njoo tu."

Nilimkuta amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, nyuma ya nyumba, analia waziwazi. Sijawahi kumwona Msukuma wa rika lile akilia mbele ya mwanamke, na nikajua mambo ni mabaya kabla sijageuza macho. Punda alikuwa amesimama mbele yake. Kwato zilikuwa zimerefuka na kupinda kwenda juu kama ncha za ndala zilizoachwa juani. Kamba ilikuwa imezama ndani ya nyama ya mguu wa nyuma. Mbavu ungezihesabu ukiwa barabarani, na shingoni kulikuwa na kidonda cha siku nyingi ambacho hakikuwahi kufunga. Mama Kulwa alikuwa pembeni, khanga mdomoni, anarudia neno moja: "Mimi nilijua shemeji anamlisha. Nilijua shemeji anamlisha."

Mzee hakumgombeza. Alinigeukia mimi, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wewe ulikuja kuchanja. Ulimwona?"

"Sikumwona, baba."

Akatikisa kichwa, akarudi kumtazama punda. Ningefurahi kama angenitukana, ningepata cha kumjibu.

Basi nikaanza kazi. Kidonda ni kidonda, hapo sikubabaika. Nilikata kamba kwa wembe, kidogo kidogo, nikaosha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nikatoa uchafu na nikapaka dawa. Punda hakurusha teke hata moja. Mimi nikasema huyu mpole, kumbe alikuwa hana nguvu ya kurusha. Kisha nikachukua daftari niandike dalili, kama mlivyofundishwa. Nikaandika amekonda, ana vidonda, kwato zimerefuka. Nikamtazama mdomo kwa muda mrefu sana, nikaongeza kwa herufi kubwa: HACHEUI.

Mnacheka? Subirini. Nilikuwa na mjomba, kaka wa mama, Mzee Kikoti, anakaa Kalenga. Ujanani alitunza farasi kwenye shamba moja la walowezi nje ya mji wa Iringa, na nilijua farasi na punda ni ndugu. Nikampigia.

"Kamwene, mjomba."

"Kamwene, mpwa wangu. Leo umekumbuka kuna watu Kalenga?"

"Nina punda mgonjwa, mjomba. Kakonda vibaya, na tangu nimefika hapa hajacheua hata mara moja."

Nikamsikia anapunguza redio.

"Hebu rudia."

"Hajacheua."

"Mpwa wangu, serikali inakulipa mshahara?"

"Inanilipa."

"Punda hacheui. Hajawahi kucheua tangu aumbwe. Siku ukimwona punda anacheua, usimpigie mjomba, kamwite padri."

Alicheka mpaka akakohoa, akaniambia nisubiri anywe maji. Mimi nikaifuta ile HACHEUI mpaka karatasi ikatoboka. Miaka yote ile nilikuwa nimemtazama kila mnyama kwa macho ya ng'ombe: anacheua yuko salama, hacheui anaumwa. Hiyo ndiyo hatari ya kuzoea mnyama mmoja, wanangu. Kuanzia siku ile nilikubali kuwa mwanafunzi, na mwalimu wangu alikuwa kwenye simu ya tochi umbali wa safari nzima ya basi.

Kitu cha kwanza alichonifundisha ni kwamba punda akiumwa hunyamaza. Ng'ombe atalia, mbuzi atapiga kelele mpaka mtaa wa pili ujue. Punda anasimama, anainamisha kichwa, na watu wanapita wakisema leo ametulia. Kwa hiyo ukifika kwenye boma ukakuta punda ametulia sana, msogelee. Mwekee mkono nyuma ya sikio, tazama macho, tazama kama anakula alichowekewa au anakishikilia tu mdomoni.

Kwato ndizo zilinitoa jasho. Mnajua ng'ombe wa Usangu anatembea mchana kutwa, kwato zake zinajisugua zenyewe, kwa hiyo katika miaka yangu yote kule sikuwahi kuinua mguu wa mnyama kwa ajili ya kupunguza kwato. Nilikwenda kuazima tupa kwa fundi seremala, ile ya kusugulia mbao, nikamdanganya ni ya kurekebisha mlango wa ofisi. Sikutaka kijiji kijue Mama Mifugo anakwenda kusugua kucha za punda. Jioni kijiji kizima kilijua.

Nikaweka simu kwenye spika, juu ya kigoda, Mama Kulwa akashika kichwa, mimi nikainua mguu wa mbele na kuubana katikati ya magoti.

"Usizimalize leo," mjomba akasema. "Huyo amezoea kusimama vibaya miezi yote hiyo, mishipa ya miguu imefuata kwato. Ukimrudisha ghafla atashindwa kusimama kabisa. Punguza kidogo, mpe wiki mbili, punguza tena."

Nikaanza kusugua.

"Haraka mno."

"Mjomba, unanionaje?"

"Nausikia mkwaruzo. Haraka mno. Vuta upande mmoja, usiende mbele na nyuma kama unakata mkate."

Mzee Jilala akainama kwenye simu. "Wewe mzee wa Iringa, nyie Wahehe tunawajua kwa kula mbwa. Punda mmemjulia wapi?"

"Nani huyo?" mjomba akauliza.

"Ni mwenye punda."

"Ahaa. Msukuma! Nyie mkishaona ng'ombe macho yanaziba, hamuoni kitu kingine. Niambie, hicho kidonda cha shingoni alichokisema mpwa wangu kimetoka wapi? Mlimfunga nini kwenye mkokoteni?"

"Nira."

"Nira ya ng'ombe?"

"Kwani kuna nyingine?"

"Mzee mwenzangu, ng'ombe ana nundu, nira inakaa pale inatulia. Punda wako ana nundu?"

Mzee Jilala akanyanyua kichwa, akamtazama punda wake kwa makini, kuanzia masikio mpaka mkia, kana kwamba ndiyo kwanza ameletewa. Akarudi kwenye simu.

"Hana."

"Sasa ulikuwa unaiegemeza wapi?"

Mzee akasema kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo na mimi nimo." Nilimwonea huruma, na nilijisikia nafuu kidogo pia, nakiri. Tulikuwa watatu sasa wenye makosa, yeye, Mama Kulwa na mimi, na kazi huwa nyepesi kidogo mkiwa wengi.

Mjomba alitueleza kwamba punda anavuta kwa kifua. Anahitaji mkanda mpana unaopita kifuani, chini ya koo na juu ya maungio ya miguu, usiombana pumzi. Mama Kulwa akaushona kwa turubai lililokunjwa, ndani akaweka blanketi kuukuu. Mimi nilipendekeza mpira wa ndani wa tairi kwa sababu haukatiki. Mjomba akakataa katakata, akasema mpira unachoma ngozi kwa jasho, kama siamini nijivishe mwenyewe nikapande kilima. Tukabaki na turubai.

Msidhani baada ya hapo mambo yalinyooka. Wiki ya tatu nilikaribia kumuua kwa huruma. Mnajua Usangu ni nchi ya mpunga, kila mashine ya kukoboa ina mlima wa pumba nyuma yake. Mama Kulwa, kwa kujisikia vibaya, akaja na pumba nusu gunia. Akaniuliza, "Nimpe kiasi gani?" Na mimi, kwa kumtazama yule punda mbavu nje, nikasema, "Mpe, ashibe." Ndivyo nilivyosema, mtaalamu wenu. Ng'ombe aliyekonda unamwanzishia pumba, lakini tumbo la punda aliyekaa na njaa miezi yote ile lilikuwa limesinyaa na kusahau kazi.

Kufika mchana alikuwa amelala chini, anageuka kutazama ubavu wake, anainuka, anajitupa tena. Jasho lilikuwa linamtoka shingoni. Nilimpigia mjomba.

"Umempa nini?"

"Pumba."

"Kiasi gani?"

"Alichotaka."

Mjomba hakunitania safari hii. "Ondoa chakula chote. Mwinue, mtembeze taratibu, asijitupe chini akaviringika, utumbo utajikunja na hapo hakuna dawa yako itakayomsaidia. Maji mwekee. Mtembezeni mpaka apate choo."

Tukamwinua. Mama Kulwa mbele ameshika kamba, mimi nyuma nasukuma, tunazunguka nyumba. Kwato zenyewe bado hazijakaa sawa, kwa hiyo hatua moja, tunasubiri, hatua nyingine. Mzee alikuwa amekaa kwenye ndoo yake, anaongea na punda kila tukipita. Mzunguko wa tatu au wa nne akashindwa kukaa. Akachukua magongo akaja upande wa kichwa, akawa anatembea nasi, anamwimbia kwa Kisukuma wimbo ambao wao huwaimbia ng'ombe wakati wa kulima. Tulizunguka nyumba ile mpaka jua likaanza kwenda upande wa milima ya Mbeya. Nilikuwa nasali. Nilimwahidi Mungu vitu ambavyo mpaka leo sijavitimiza.

Kisha punda akasimama, akainua mkia, akatoa choo.

Mama Kulwa alipiga vigelegele watu wakatoka majumbani. Walipouliza kuna nini tukawaonyesha chini. Wakatutazama, wakatazamana, wakarudi ndani. Mimi na Mama Kulwa tulikumbatiana juu ya mavi ya punda tukicheka na kulia kwa pamoja. Ndipo nikamwona Mzee Jilala ameegemea ukuta, anahema, yuko upande wa pili wa nyumba. Alikuwa ametembea mizunguko mingi sana. Hata yeye hakuwa amegundua.

Kuanzia siku hiyo wagonjwa wawili walitibiwa pamoja. Hospitali walikuwa wamemwambia mzee afanye mazoezi ya kutembea kila siku, naye alikuwa anaona ni upuuzi mtu mzima kutembea bila kwenda popote. Lakini kumtembeza punda ni kazi, na kazi hakuikataa. Asubuhi walikwenda hadi kwa Mama Kulwa na kurudi. Baadaye hadi mashine ya kukoboa. Tulimhamisha punda kutoka kwenye tope la kisima, tukamweka mahali pakavu karibu na mlango, kwa sababu mjomba alisema punda akiachwa peke yake anakata tamaa ya kuishi. Chakula kikawa majani makavu, mashina ya mpunga na nyasi za bondeni, kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, na maji masafi, maana punda ukimwekea maji machafu anaweza kukaa na kiu kuliko kuyanywa. Mzee akampa jina, Karani, kwa kuwa kila nikifungua daftari alikuwa anasogea kutazama ninaandika nini.

Na alikuwa na haki ya kutazama. Duru iliyofuata ya kuhesabu mifugo niliuliza safu ya punda kwenye kila boma. Watu walicheka, wakasema, "Mama Mifugo, na punda tena?" Nikasema, "Na punda. Yuko wapi, nimwone." Nilizunguka nyuma ya nyumba nyingi sana mwaka ule. Nilichokiona huko sitawaeleza chote, lakini tupa ya seremala sikuirudisha, nilimnunulia nyingine.

Nyie leo mna raha. Mnapiga picha ya kwato, dakika hiyo hiyo inafika kwa daktari bingwa, anakujibu akiwa anakunywa chai. Nafurahi sana, siwaonei wivu, au labda kidogo. Ila simu haiwezi kuzunguka nyuma ya nyumba badala yako. Huko utakwenda kwa miguu, utakanyaga tope, na utauliza maswali ambayo fomu haijakulazimisha.

Mwezi wa sita mpunga ukaiva, na Masanja akaja. Alikuja na gari alilokodi la kubebea vitu, lenye bodi refu nyuma, na nilipoliona limesimama mbele ya nyumba moyo wangu ulishuka. Ni kijana mzuri, jamani, msimfikirie vibaya. Alikuwa anampenda baba yake na alikuwa ameshatandika kile chumba. Karani alikuwa amenenepa, kidonda cha shingo kimefunga, kwato ziko sawa, isipokuwa ule mguu wa kamba aliuburuta kidogo akichoka. Kwa wiki tatu alikuwa anavuta mkokoteni mtupu, kisha mkokoteni wenye mzee juu, lakini mpaka siku ile hatukuwa tumemvusha mfereji. Daraja lilikuwa bovubovu na mimi nilikuwa naogopa.

"Haya baba," Masanja akasema baada ya chai. "Twende shambani tukaone."

Mzee akapanda mwenyewe. Akaweka magongo pembeni, akashika kamba, akasema neno lake, Karani akaondoka. Masanja alitembea ubavuni, mimi na Mama Kulwa nyuma. Tulipita mashine ya kukoboa, tukapita majaruba ya kwanza ya mpunga, mzee amenyoosha mgongo kama bwana harusi. Tukafika kwenye daraja la mbao juu ya mfereji. Karani akasimama.

Mzee akasema neno lake. Karani akashusha kichwa, akanusa mbao, akarudisha masikio nyuma. Hakusogea.

Dakika zikapita. Masanja akatazama saa, kisha akamtazama baba yake kwa upole ule unaouma kuliko ukali. "Baba, si unaona mwenyewe."

Sasa niwaambie alichofanya Mama Mifugo. Mimi niliyekuwa nimehubiri kijiji kizima kwamba punda hapigwi, nilivunja tawi la mti. Nililivunja kwa hasira, na nilikuwa tayari kulitumia, kwa sababu niliona nyumba inafungwa mbele ya macho yangu.

"Mayu," mzee akasema bila kugeuka, "weka chini hicho. Mwache atazame."

"Anatazama nini, baba?" Masanja akasema. "Ni daraja. Kila siku watu wanapita." Na ili kutuonyesha, akapanda darajani na viatu vyake vya Mbeya, akafika katikati, akapiga mguu kwa nguvu. "Hili hapa! Daraja zi—"

Ubao ukavunjika akatumbukia mferejini, maji na tope mpaka kiunoni.

Mama Kulwa alikaa chini barabarani kwa kicheko. Mimi nilijitahidi, nikashindwa. Mzee hakucheka. Alishuka kwenye mkokoteni polepole, akaenda hadi ukingoni, akamnyooshea mwanawe gongo moja huku ameegemea lile jingine, na Masanja akalishika akapanda juu, suruali yote tope. Kisha mzee akamwambia avute ubao wa nyuma wa mkokoteni auweke juu ya lile tundu. Akaweka. Karani akanusa tena, kwa muda wake, akavuka. Upande wa pili mzee akapanda, na baada ya kusita kidogo Masanja naye akapanda, akakaa kando ya baba yake analowesha kila kitu.

Shambani mzee alishuka, akakata shuke moja la mpunga, akalisugua viganjani, akatafuna punje. Masanja alimtazama tu. Baadaye akasema, "Baba, ningekuwa nakuleta mimi kwa gari, tungekuwa wote mferejini."

"Ndiyo," mzee akasema.

"Lile daraja nani atalitengeneza?"

"Si wewe una duka la misumari?"

Masanja akapiga simu, gari alilokodi likaambiwa liondoke. Liliondoka tupu. Yeye alibaki siku tatu, akatafuta mbao, akatengeneza daraja lote, na baba yake alikuwa anamletea chakula cha mchana kwa mkokoteni. Jumapili baada ya ibada ikawa lazima arudi kufungua duka. Nilikuwa kando ya barabara walipopita kwenda kituoni kwenye basi la Mbeya. Masanja alikuwa amekaa nyuma na begi lake, miguu inaning'inia, na baba yake mbele ndiye aliyeshika kamba.